Prosesa ya Fundi Mdogo

“Niambie moja tu, Fundi Mkubwa. Ipi?”

Bwana Harusi alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, kompyuta yake iliyokufa imelala kati yao, tumbo wazi. Jina hilo alibandikwa na watu wa mtaa. Kila wiki alikuwa ukumbini akipiga video za harusi za wenzake, na yeye mwenyewe hajawahi hata kupeleka posa. Sasa prosesa yake ilikuwa imeungua. Ubao wa kompyuta ulikuwa mzima na diski nzima. Kilichokufa ni kile kibati cha mraba, kidogo kuliko kibiriti, kinachofanya hesabu zote kwa viini vilivyomo ndani yake.

“Ziko mbili zinazoingia kwenye ubao wako,” Fundi Mkubwa alisema. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hizi yalipungua zaidi. “Hii ya kwenye rafu ina viini viwili, vyepesi sana. Si kuukuu mno, wala haipati joto. Nyingine ina viini vinne, vya polepole. Hiyo imezeeka, bei yake nusu ya hii.”

“Na hiyo nyingine iko wapi?”

Macho ya Fundi Mkubwa yalikwenda yenyewe kwenye meza ya dirishani.

Pale alikuwa akikaa Fundi Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao. Homa ilimwanza kama mzaha, na mzaha huo ukamzika. Tangu siku ya maziko, kompyuta yake, yenye ile prosesa ya viini vinne, ilikuwa pale pale, haijawashwa, haijafunguliwa, vumbi lake limeachwa litande linavyotaka. Msibani wanawake walimsifu dada mtu kwa uvumilivu, maana hakutoa hata chozi. Uvumilivu gani? Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona kwamba ni wako, lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine. Kila mchana mama yake humpigia simu kumuuliza kama amekula. Humjibu amekula. Simu hukatwa, naye huendelea kufungua skurubu.

Ubishi wa prosesa hizo mbili ulikuwa umeishi dukani humo miaka na miaka. Dada alisimama na ile ya viini viwili. Kazi ifanywe na wachache wenye haraka.

“Manahodha wengi, chombo huenda mrama,” alikuwa akimwambia.

“Kidole kimoja hakivunji chawa,” mdogo wake alikuwa akijibu, na hapo hapo kukiinua kidole chenyewe, kijivu kwa dawa.

Dawa hiyo nayo ilikuwa ugomvi mwingine. Ni uji mzito wa kijivu unaopakwa juu ya prosesa, ili joto lipande kwenye chuma cha feni. Fundi mwenye adabu hutumia kipande cha kadi. Yeye aliipaka kwa kidole, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Dada alimgombeza hadi akachoka: kidole kina jasho, kina uchafu, utaharibu vitu vya watu! “Mbona haviharibiki?” mtoto yule alikuwa akiuliza, na kwa kweli havikuharibika. Hilo lilimuudhi zaidi.

“Tujaribu,” Fundi Mkubwa alimwambia sasa Bwana Harusi. “Harusi yako ndiyo itakayoamua.”

Aliichomeka prosesa ya rafuni kwenye ubao wake wa majaribio, akaunga diski ya Bwana Harusi. Programu zikafunguka kufumba na kufumbua. Kukata kipande hapa, kukiunga pale, hakuna aliyesubiri. Bwana Harusi alitabasamu, na Fundi Mkubwa akatambua kwamba yeye mwenyewe alitaka sana hii ishinde. Ikishinda, meza ya dirishani ingebaki kama ilivyo.

“Sasa ikusanye harusi nzima iwe faili moja,” alisema.

Akampa chai. Kwenye skrini bibi harusi alipita mbele ya shangazi zake, na chini yake mstari wa kijani ulijivuta kama umelazimishwa. Bwana Harusi aliinywa chai, akaimaliza, akasimulia habari za nyanya wa bibi harusi anayesafiri kesho na anayetaka kuiona video kabla hajaondoka. Kikombe kilikuwa kimekauka mstari ulipofika mwisho.

Diski ikahamishiwa dirishani. Alibonyeza kitufe kwa ncha ya ukucha, asiguse vumbi. Feni ikaanza kunguruma.

“Hii inalalamika kabla haijatumwa,” Bwana Harusi alisema.

Programu zilifunguka kwa uvivu, naye akaguna. Fundi Mkubwa alimmiminia chai nyingine. Kisha harusi nzima ikaanza kukusanywa, na ule mstari ukatembea. Haukukimbia, ila haukusimama pia; viini vyote vinne vilikuwa vimegawana kazi, kila kimoja na kipande chake. Shangazi walipita, keki ikakatwa, wazee wakapeana mikono. Ulipofika mwisho chai ilikuwa bado inafuka, haijaguswa.

“Imekwisha?” Bwana Harusi aliinuka. “Yote?”

“Yote.”

“Na ndiyo ya bei ya chini?”

Angeweza kumwambia kwamba ina joto, na ni kweli ina joto. Angeweza kumwambia kwamba imezeeka na haina maisha marefu, naye angeamini, maana hapo mtaani neno la Fundi Mkubwa halikuwa na rufaa. Alifungua kinywa aseme hivyo. Mdogo wake angemcheka, alifikiri. Angecheka mpaka akae chini.

“Chukua hii,” alisema. “Kwa kazi yako, hii ndiyo bora.”

Alizima, akaondoa kifuniko, akalegeza skurubu, akaizungusha feni taratibu mpaka ikaachia. Chuma cha feni kilikuwa duara na prosesa mraba, kwa hiyo pembe zake hazikufikiwa. Katikati dawa ilikuwa imebanwa na kukauka ovyo. Kwenye pembe moja ilibaki kama ilivyopakwa, na juu yake palikuwa na alama ya kidole, mistari yake yote ikihesabika.

Fundi Mkubwa alikaa.

Baada ya muda alilowesha pamba kwa spiriti, akaanza kufuta katikati. Alifuta kwa kuzunguka, akarudia. Katikati paling’aa mpaka pakaonyesha taa ya dari, naye bado alikuwa akizunguka pale pale.

“Na hapo pembeni, dada,” Bwana Harusi alisema kwa wema. “Hapo umeacha.”

“Nimeona.”

Alichukua pamba mpya. Alifuta mara moja, na mara moja ilitosha.

Aliihamishia prosesa kwenye ubao wa Bwana Harusi, akakibana kishikizo, akakamua dawa kiasi cha punje ya mchele. Kadi ilikuwa karibu na mkono wake, mahali inapokaa siku zote. Aliitazama. Kisha akaipaka dawa kwa kidole, polepole, akaifikisha hata kwenye pembe ambazo feni haifiki.

Simu ikalia. Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

“Umekula?” mama yake aliuliza.

Bwana Harusi alianza kuisoma kwa makini karatasi ya tangazo iliyokuwa ukutani.

“Bado, Mama,” Fundi Mkubwa alisema. “Sijala.”

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

“Basi njoo tule, mwanangu. Na mimi sijala.”

Fundi Mkubwa alikuwa ameiinamia kaunta, simu sikioni, mabega yakimtikisika, na kidole cha mkono wa kulia amekiinua juu, mbali na nguo na mbali na kitambaa cha kufutia, kijivu mpaka kwenye ukucha.