Nyasi za Awuor

Awuor alikuwa na subira ya kuudhi. Ukitaka agapanthus, yale maua marefu yenye kichwa cha duara, mtu yeyote Nairobi atakuambia uombe shina kwa jirani, ulichimbie, ungoje kidogo tu. Awuor aliliomba hilo shina Hurlingham, alikokuwa akifagia ofisi, na meneja akamkatalia. Basi akangoja vichwa vikauke, akaokota mbegu nyeusi, nyembamba kama majani ya chai, akazifunga kwenye leso na kurudi nazo Kabiria.

"Zitatoa maua baada ya miaka mitatu," alimwambia mumewe.

"Mitatu?" Ochola alicheka mpaka akaweka chini brashi yake ya rangi. "Si tutakuwa tumehama!"

Hawakuhama. Mama Wahu, mwenye ploti, alimpa Awuor kipande cha udongo kando ya uzio, upana wa mlango. Mwaka wa kwanza zikaota nyuzi za kijani. Mwaka wa pili zikawa nyasi, nyasi kabisa, na wapangaji wakamtania kwamba anafuga ng'ombe asiyeonekana. Jioni mtu na mkewe walibishana juu ya rangi, maana kule Hurlingham maua ya buluu na meupe yalikuwa yamechanganyika, na mbegu haisemi baba yake ni nani. Awuor alisema meupe. Ochola, fundi wa rangi, alisema buluu, tena buluu ya kukolea. Kila alipoona shina limenenepa alitaka kulipasua achungulie, na kila mara Awuor alimchapa mkono.

"Ochola, wacha! Itajileta yenyewe."

Mwaka wa tatu ugonjwa ukamlaza Awuor hospitalini, Upper Hill. Jumapili iliyopita Ochola alitenganisha majani ya shina la katikati akaona tumba, dogo kama haragwe, limejificha chini kabisa. Alikimbia hospitalini na viatu vyake vya matope, nusura mlinzi amzuie. Awuor hakuweza kuinua kichwa, lakini alicheka.

"Si nilikuambia?" Sauti ilikuwa imekwisha. "Usilifungue. Na nisiporudi, uzibebe zote, unipandie nyumbani Ugenya, hapo kichwani pangu. Niahidi."

Akaahidi. Jumanne alfajiri akapigiwa simu.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na gari la kusafirisha mwili lingeondoka kesho asubuhi. Ochola alitoka mochari mchana akiwa na magunia mawili mapya kwapani, ya kufungia mizizi pamoja na udongo wake. Hayo magunia ndiyo yaliyomshikilia njia nzima asianguke. Mke alikuwa ameenda, lakini kazi yake ya miaka mitatu ilikuwa hai bado, na hiyo angeweza kuibeba kwa mikono yake.

Alifungua geti akakuta ploti inang'aa. Penye msiba watu hawakai bure. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja na majembe na mafagio, wakaosha, wakafyeka, wakafagia, ili watakaokuja kwa maombi ya jioni wasikute boma limeachwa. Aliyewaongoza alikuwa Valarie, mdogo wake Awuor, aliyefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka nyumbani. Leso ilikuwa kiunoni na macho yalikuwa mekundu.

"Shemeji, karibu," alisema. "Tumekusafishia. Ile nyasi yote ya kando ya fence tumeng'oa, ilikuwa imekuwa msitu. Sikutaka watu waseme ati dadangu alikuwa anaishi kwa kichaka."

Ochola alitazama kando ya uzio. Udongo ulikuwa mtupu, umefagiwa vizuri, alama za ufagio zimepangana.

"Mmeitupa wapi?"

"Tumeichoma na takataka, huko nyuma. Kwani?"

Alitaka kupiga kelele, alitaka kumshika mabega amtikise. Kisha akaona viganja vya Valarie vimetoka malengelenge ya jembe. Valarie alikuwa hajalala, hajala, na alikuwa amelima hivyo kwa ajili ya Awuor. Akiambiwa yalikuwa maua ya dada yake, angeubeba ukweli huo maisha yake yote.

"Asante, Valarie," alisema. "Mmefanya kazi."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Majivu yalikuwa bado yanatoa moshi. Aliyafukua kwa kijiti, akakuta mizizi minene imeiva, inabonyea. Shina la katikati lilikuwa limeungua nusu, na ndani yake tumba lilikuwepo bado. Ochola aliketi juu ya jiwe, akafanya alichokatazwa miaka yote hiyo. Akalipasua kwa ukucha.

Ndani vilijaa vijiua vidogo vimebanana, vyote vya kijani. Vilikuwa bado havijapata rangi. Alivigeuza kwenye mwanga, yeye fundi aliyejua kila rangi ya kopo, asione buluu, asione nyeupe. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata mochari.

Valarie alikuja mbio, akachuchumaa kando yake, akamshika bega. "Pole, shemeji. Pole sana." Halafu akaona kilicho kiganjani. "Na hiyo ni nini?"

Ochola alifumba mkono.

"Nyasi," alisema. "Ni nyasi tu, Valarie."