Mkia wa Shati la Wendell

Mume wangu nilimfundisha kuwinda mimi mwenyewe, na sijui ni shetani gani aliyenituma. Nilimtoa Milwaukee, ambako alikuwa akiuza mazulia, hajui kulungu anakula nini wala analala wapi. Nikamwambia: Wendell, ikifika Novemba sabuni ya manukato weka kando. Nguo za kuwindia zinafuliwa kwa magadi, zinaanikwa barazani kwenye baridi, kisha zinalala kwenye pipa pamoja na matawi ya mwerezi. Asubuhi ya kuwinda hakuna kukaanga nyama ya nguruwe. Upepo ukikupiga kisogoni shuka urudi nyumbani ukalale, maana kulungu ameshajua mpaka jina la mama yako. Ukishapiga risasi usikurupuke. Mnyama aliyejeruhiwa asipofukuzwa hulala karibu. Akifukuzwa anakwenda kufia kwa jirani, na jirani yetu si mtu wa kurudisha kitu. Na ukifuata damu, kila tone funga utepe tawini, ili ukigeuka nyuma uone ulikotoka.

Yote hayo alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Kisha akaenda dukani akanunua chupa ya mkojo wa kulungu jike. Mimi sina imani na mikojo ya chupani. Kulungu dume hapendi kudanganywa, na hata angependa, mkojo uliokaa rafuni tangu masika unanuka rafu.

Kibanda chetu cha kuwindia kipo kaskazini mwa Wisconsin, kando ya kinamasi cha mierezi. Ni cha baba yangu, Orrin Tollefson, naye alikirithi kwa baba yake. Kila mwaka, wiki ya sikukuu ya Shukrani, tunakutana hapo: Baba, mdogo wake Clete, mimi, na tangu niolewe, Wendell. Kila mtu ana dungu lake mtini. Lakini dungu lenyewe hasa, lile ambalo watu wakilitaja hushusha sauti, ni la mwaloni mkubwa, pale kinamasi kinapokutana na msitu mkavu. Alilijenga babu. Anayekaa pale ndiye mwenye kibanda, ndiye anayekata nyama mezani, ndiye anayeulizwa upepo utageuka lini. Baba amekaa pale tangu nikiwa mtoto. Mwaka huu magoti yakamgomea, na mimi, mwanawe wa pekee, ambaye naingia msituni naye tangu nina miaka kumi na miwili, nilijua zamu ni yangu. Sikusema neno. La nini kusema jambo linalojulikana na kila mtu?

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza tulikula maharage na soseji. Nilikuwa naosha vyombo, Clete anachanganya karata.

"Ngazi imenishinda," Baba akasema. "Mwaloni mwaka huu nimempa Wendell."

Clete aliacha karata hewani. "Wendell yupi? Huyu wa mazulia?"

"Huyu huyu."

"Asante sana, mzee," Wendell akasema, masikio yamemwiva. "Sitakuangusha."

"Angalia usianguke wewe," Clete akamwambia. "Ngazi ile ina barafu, na mkojo wako wa dukani hautakusaidia." Kisha akanigeukia mimi. "Ardis, mbona unaikaba sufuria? Imekukosea nini?"

"Naosha."

"Umeiosha mara tatu."

"Basi naiosha ya nne. Au una neno, baba mdogo?"

"Sina, mama, sina! Nisije nikasuguliwa na mimi."

Walicheka. Mimi roho ilikuwa inaniuma kama jino. Nilimtazama Wendell alivyokaa, mikono yake laini juu ya meza, nikajiuliza nimemfanyia nini Mungu hata mwanafunzi wangu akalie kiti changu. Mume ni mume, nampenda, lakini usiku ule ningeambiwa nimbadilishe na jozi ya soksi kavu, ningeuliza soksi ni za sufu au za pamba.

Clete ndiye aliyenipa matumaini, na wala hakujua. "Kanuni ni zile zile, mkwe," alimwambia Wendell. "Ukipoteza mnyama pale mwaloni, mkia wa shati unakatwa, na kesho yake unateremka, anapanda anayefuata."

"Anayefuata ni nani?"

"Si huyo hapo anayeua sufuria."

Ukuta wa juu ya jiko umejaa hivyo vitambaa. Kila aliyepoteza mnyama kwa uzembe wake, awe amekosa shabaha, amesinzia au amesahau risasi nyumbani, anakatwa sehemu ya nyuma ya shati lake la drafti, kitambaa kinapigiliwa ukutani pamoja na jina na mwaka. Vya Clete vinatosha kushona blanketi. Baba anavyo kadhaa. Mimi sina hata kimoja, na nilikuwa najivunia hilo mpaka kwa watu wasioniuliza.

Asubuhi theluji ilikuwa inaanguka polepole. Dungu langu lipo ng'ambo ya kinamasi. Kumepambazuka vizuri nikasikia mlio wa bunduki kutoka mwaloni, mmoja tu. Nikasubiri. Redio ya mkononi ikakoroma, sauti ya Wendell ikatoka karibu kulia.

"Nimemkosa. Ana pembe za ncha kumi, jamani, kumi! Alikuwa amesimama kabisa. Nimeshuka nimetafuta, hakuna damu hata chembe."

Nasema kweli, moyo wangu ulicheza ngoma.

"Umeshuka saa hiyo hiyo?" Baba akauliza kutoka kibandani.

"Ndiyo, mzee."

Baba akaguna. "Rudi uje upate kahawa. Ardis, uko karibu. Kamwangalizie."

Nikaenda, na nilikwenda kwa furaha. Nyayo za Wendell zilikuwa zimezunguka mwaloni kama za kuku aliyepotelewa na vifaranga, damu haikuwepo. Lakini pale kulungu aliporuka, juu ya theluji, niliona manyoya, ya kahawia yenye ncha nyeusi. Risasi haikati manyoya hewani. Nikainama. Nikafuata kwato mpaka ndani ya mierezi, mahali Wendell hakufika, na chini ya tawi nikaona tone moja, dogo kama dengu. Mkono ukatoa utepe mfukoni, ukafunga. Mbele kidogo lingine, jekundu angavu, lenye povu. Damu ya mapafu. Nikafunga tena. Nilijua nitakachokikuta, lakini miguu iliendelea.

Alikuwa amelala nyuma ya mti ulioanguka, keshakufa. Pembe zile, jamani. Pale kibandani hakuna Tollefson aliyewahi kuleta pembe pana namna ile, si babu, si Baba. Nimekaa kwenye baridi maisha yangu yote, vidole vimekufa ganzi, nimeachia madume wadogo wapite ili wakue, nimewatunza kama ng'ombe wangu, na huyu wa mazulia anapanda mwaloni asubuhi moja, anafumba jicho, basi. Nilikaa juu ya gogo nikalia machozi ya kijicho, ambayo ni ya moto kuliko ya msiba.

Kisha nikatoa kisu. Wivu ni wivu, lakini nyama ni nyama; mnyama asipotolewa matumbo mapema anaharibika hata kwenye baridi. Nikampasua, nikamsafisha vizuri, nikamfunika kwa matawi ya mwerezi, nikanawa mikono kwa theluji. Nikabonyeza redio.

"Hakuna kitu," nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Sawa," Baba akajibu.

Nikarudi kukaa kwenye dungu langu. Nilipopanda theluji ilikuwa bado inaanguka; baadaye kidogo ikakatika, jua likatoka. Kutwa nzima nilikuwa nikijiona kesho juu ya mwaloni. Wakishuka wote kwenda nyumbani ningempeleka Baba mwenyewe kwenye gogo na kusema kulungu nimemwokota. Nilikuwa nimeshapanga hata uso nitakaouvaa.

Giza lilipoanza kuingia tukakusanyika. Clete alimsimamisha Wendell katikati ya kibanda, mgongo kwa watu.

"Una neno la mwisho, marehemu?"

"Shati hili mke wangu alininunulia Krismasi."

"Basi atakununulia jingine. Mzee, mkasi."

Baba alikata mwenyewe, na alikuwa anacheka. Si kule kutabasamu kwake kwa upande mmoja. Alicheka mpaka akakohoa, akashika meza. Alimgeuza Wendell, akamwekea mkono begani.

"Kitambaa changu cha kwanza unakiona? Kile cha bluu. Baba alinikalisha hapo hapo mwaloni. Akaja jike na dume, nikatetemeka hata bunduki ikagonga ubao. Dume akanitazama. Nikampungia mkono! Walahi nilimpungia mkono, kama jirani!"

Wendell akaangua kicheko, Clete akapiga meza. Mimi nilisimama na sahani mkononi. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Miaka yote nimekaa na mtu huyu msituni, namjua kwa kikohozi chake, na hakuwahi kuniambia kwamba aliwahi kutetemeka. Akachukua nyundo, akakipigilia kitambaa cha Wendell pembeni kabisa mwa kile cha bluu.

"Sasa wewe ni wa nyumba hii," akamwambia.

"Na kesho Ardis anapanda mwaloni," Clete akasema.

"Ndiyo," Baba akasema, bila kugeuka. Bado alikuwa anamtazama Wendell.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiniangalia. Nikautazama ukuta ule, Tollefson wote wapo, walevi, wavivu, wasioona vizuri, na sasa muuza mazulia. Mimi peke yangu sipo. Nikakionea wivu kitambaa. Kitambaa cha shati nililolinunua mwenyewe! Na ulimi ukaponyoka, wala si kwa wema, mtu asinisifu.

"Kiteremsheni hicho," nikasema. "Hakukosa."

"Nini?" Wendell akauliza.

"Hukukosa. Ulimpata mapafuni. Amelala ndani ya mierezi, nimeshamsafisha. Kitambaa hicho si chako."

Kisha Wendell akanirukia, akanikumbatia mpaka sahani ikaanguka.

"Umenitafutia! Ulitaka kunishtukiza, eh? Jamani mnamwona huyu mwanamke? Mnamwona mke wangu?"

Angenipiga kofi ningeona nafuu.

Tulikwenda na taa. Baba aliambiwa abaki, akachukua fimbo yake akaja. Wendell na Clete walitangulia na kamba, wakishangilia, wakifuata tepe zangu kutoka tawi hadi tawi. Baba alikuwa nyuma na mimi. Kwenye utepe wa pili alisimama. Akainua taa. Juu ya fundo palikuwa na theluji, imekaa vizuri, haijaguswa.

"Clete!" akaita. "Theluji ilikatika saa ngapi?"

"Saa nne hivi," Clete akajibu kutoka gizani. "Kwa nini?"

"Basi tu."

Hakunitazama. Fundo lile lilifungwa kabla ya saa nne, nami nilikuwa nimesema hakuna kitu. Alipangusa theluji ile kwa kidole gumba, tukaendelea. Ningeweza kuzitoa tepe zile asubuhi. Haikunijia hata kidogo. Mkono uliozoea kufunga haufikiri.

Kulungu aliburutwa mpaka nje ya kibanda, akaning'inizwa kwenye boriti, na Wendell akampigia simu kila anayemjua. Ndani, Baba alikiteremsha kitambaa.

"Niachie, mzee," Wendell akasema. "Kipo vizuri pale."

"Hukustahili. Chukua."

Wendell alikikunja akakitia mfuko wa kifuani kama mtu aliyepewa hati ya shamba, akatoka tena kwenda kumtazama kulungu wake. Baba akauchukua mkasi.

"Geuka," akaniambia.

Clete alifungua kinywa apate kutania, akamwona Baba usoni, akakifunga. Akachukua kofia yake akatoka.

Niligeuka. Nikalisikia shati likikatwa, polepole, kutoka upande huu hadi upande ule. Miaka mingi nilikuwa nasikia watu wakichekewa wakati huo. Baba hakucheka. Hakuna hadithi aliyosimulia. Baridi ilinigusa kiunoni.

"Kwa nini ulimpa yeye?" nikauliza, bado nikiutazama mlango.

"Aliniomba."

"Aliomba?"

"Mwezi wa nane. Alipiga simu, akasema, mzee, najua sistahili, lakini ningependa kukaa pale hata mara moja. Nikampa."

"Mimi ni mtoto wako."

"Najua. Nimengoja uniombe tangu magoti yalipoanza. Wewe hujawahi kuniomba hata maji, Ardis. Unasimama tu karibu na kitu, unakasirika."

Nje, Wendell alikuwa anamsimulia mtu kwenye simu jinsi mke wake alivyofuata damu ambayo hakuna mwingine angeiona. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha. Nikageuka nikamtazama Baba, mzee, mkasi mkono mmoja, kipande cha shati langu mkono wa pili.

"Basi naomba," nikasema. "Baba, naomba mwaloni."

Alinitazama, na nikaona ilimuuma.

"Nimeshampa," akasema, akageuka kutafuta msumari.