Nati ya Juu

Mzee Kaza alilipata jina hilo kwa haki. Kila chenye nati nyumbani kwake kilikazwa mpaka kikaomba msamaha: bawaba za milango, miguu ya kitanda, hata mpini wa sufuria. Mkewe, kila alipotaka maji, alifungua bomba la jikoni kwa mikono miwili na kwa maneno mawili matatu yasiyoandikika. "Huyu mwanaume," aliwaambia wageni, "angekuwa na spana siku ya harusi, hii pete isingetoka hata kwa sabuni." Sasa pete ilikuwa haitoki kweli, lakini kwa sababu nyingine. Figo za mkewe zilikuwa zimegoma, na vidole vimevimba.

Mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa zamu moja, maji yalimjaa mwilini, pumzi zikambana, usiku akalala ameketi. Akikosa mbili, daktari alishasema, asilaumiwe mtu. Na tangu mvua zianze, njia ya kutoka kwao hadi barabara ya lami ilikuwa tope tupu, na katikati yake kijito kilichojifanya mto. Gari pekee lililoweza kupita lilikuwa lile kuukuu la Mzee Kaza, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mzee mwenyewe alikuwa dereva mstaafu. Alijitolea kumpa mkewe figo moja, wakampima, wakamwambia haifai. Alichobaki nacho cha kumpa ni hilo gari.

Safari iliyopita liliwazimikia kijitoni. Maji yalipanda yakafunika ekseli, wakakaa humo mpaka vijana walipokuja kuwasukuma. Mzee alijua maana yake. Difu, ile nundu ya chuma katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu, ikitumbukia kwenye maji baridi hali ina moto, huyanyonya, na oili ikishachanganyika na maji si oili tena. Gari lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kati yake kuna transfa, boksi la gia linalozipelekea nguvu zote mbili. Zote tatu zilihitaji oili mpya. Tangu siku hiyo mvua haikumpa nafasi hata kutwa moja. Kwa hiyo asubuhi ya zamu, mkewe hata hajaoga, yeye alikuwa tayari yuko chini ya gari na mabeseni yake na spana.

"Hii kazi ndogo tu," alimwambia. "Wewe vaa."

Akafungua nati za chini, zote tatu, moja baada ya nyingine. Oili ikashuka nyeupe nyeupe, rangi ya chai ya maziwa, na Mzee akafurahi, kama mtu anavyofurahi akigundua kuwa woga wake haukuwa wa bure.

"Njoo uone!" akaita. "Tungeondoka na hii, tungelala njiani!"

Mkewe akatoka na mkoba wake wa hospitali, akaketi kwenye kiti barazani, akalitazama beseni.

"Haya, bingwa, hongera," akasema. "Sasa jaza twende."

Mzee akazirudishia nati za chini, akageukia za juu, zile za kujazia. Ya mbele ilifunguka. Ya transfa ilifunguka. Zote mbili akazijaza mpaka oili ikachungulia tunduni. Ya difu ya nyuma ikakataa. Akaongeza nguvu, ikakataa. Akaigonga kwa nyundo, akaibembeleza, akaitukana. Mwishowe akachomeka kipande cha bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, akavuta kwa uzito wake wote, na spana ikachomoka ikampiga kidevuni. Alipoipapasa nati kwa kidole alikuta kona zake zote zimelika. Ilikuwa mviringo kama kifungo cha koti.

Kuna kanuni ambayo Mzee Kaza mwenyewe aliwafokea nayo madereva wadogo miaka nenda miaka rudi: kabla hujamwaga, hakikisha ya juu inafunguka. Lakini ile nati aliikaza yeye, kwa bomba lile lile, na nani huikagua kazi ya mkono wake mwenyewe? Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kama oili ingekuwa imekwisha, angalau angekuwa na hilo la kusingizia. Oili mpya ilikuwepo tele, kopo zima pale pembeni, ila pa kuiingizia hapakuwepo.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliishi nyumba ya pili. Alikuwa muuza maji, na msimu wa mvua ulimwacha na mkokoteni mtupu na muda mwingi wa kutembelea watu.

"Shemeji, umelala au umekufa?" aliiuliza miguu iliyochomoza chini ya gari.

"Nati haitoki."

"Nani aliikaza?"

Miguu ikajivuta ndani zaidi. Shemeji akacheka sana, mpaka akamwona dada yake anavyovuta pumzi, akaacha.

"Si uirudishe oili kwa huko huko chini ilikotokea?"

"Nikiisukuma kwa mpira, nikiutoa huo mpira ili nirudishe nati, yote itanimwagikia usoni. Oili haipandi mlima, shemeji."

Wakampigia simu fundi, aliyekuwa safarini, mbali. Fundi alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo Mzee aliliogopa tangu mwanzo.

"Ulianza ya juu?"

"Hapana."

"Wewe, mzee? Wewe?"

"Muulize," mkewe akasema kutoka barazani, "tukienda hivyo hivyo?"

"Itakuwa chuma kwa chuma, mama. Difu itashika na kuganda kabla hamjafika majini, au mkiwa ndani ya maji, ambayo ni mbaya zaidi." Kisha akaeleza njia moja iliyobaki. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia, chembamba. Wakichomoe kifuniko chake, waingize kimpira, wamimine oili kwa faneli. "Itaingia, ila ni nzito, na kitundu ni kidogo. Msiwe na haraka."

Hapo ndipo Mzee Kaza alipoishiwa. Akaketi kwenye tope, hana mbele wala nyuma. Shemeji alishaondoka bila kuaga, na aliporudi alikuwa akiusukuma mkokoteni, juu yake godoro na mwavuli.

"Dada, ya magurudumu manne imelala," akasema. "Panda hii ya mawili. Nimeita vijana watuvushe, na kwenye lami tutapata usafiri."

Mzee akainuka haraka kwenda kumsaidia mkewe kusimama. Alipofika akakumbuka mikono yake, myeusi mpaka viwikoni, na mkewe alikuwa amevaa gauni lake safi la hospitali. Akasimama ameinyoosha tu hewani, hajui aiweke wapi. Mkewe akamshika bega, pale palipokuwa pasafi, akajiinua mwenyewe.

"Naenda na wewe," Mzee akasema.

"Utanirudisha na nini? Nikitoka kwenye ile mashine hata kijiko sikishiki. Mkokoteni wa kwenda nitaupanda, wa kurudi siuwezi. Baki ujaze."

"Nisamehe, mke wangu."

"Jaza," akasema tena, kwa upole, na wakamlaza kwenye godoro. Mzee aliutazama mkokoteni ukiyumba topeni, shemeji akipiga kelele za utani kwa vijana ili dada yake asisikie jinsi wanavyohema. Alitaka kulia, na akalia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Kisha akarudi chini ya gari. Kimpira kiliingia. Faneli haikuwa na pa kuegemea, kwa hiyo ilibidi aishikilie kwa mkono ulioinuliwa juu, na kwa mkono wa pili amimine kidogo, asubiri, amimine tena. Oili ilijaa kwenye faneli ikatulia, haionekani kama inashuka. Ukiitazama haiendi. Ukifumba macho ukafumbua, imepungua unene wa ukucha. Hakukuwa na nguvu ya kuongeza wala spana ya kurefusha. Mkono ulimwuma, ukafa ganzi, ukamwuma tena. Jua lilipanda, na kopo lilikuwa bado zito.

Simu ililia. Akaipokea kwa kidole kichafu, akailaza kifuani. Alikuwa binti yao, anayefanya kazi mjini, ambaye humpokea mama yake hospitalini kila zamu.

"Baba, amefika. Lakini wamechelewa, nafasi yake amepewa mtu mwingine. Wanasema tusubiri, labda akitoka mmoja."

"Labda?"

"Ndivyo walivyosema. Miguu imemvimba sana, baba."

"Nifanye nini, mwanangu? Niambie. Nimpigie nani?"

"Hakuna, baba. Hakuna cha kufanya. Huyu hapa anataka kusema na wewe."

Ikaja sauti ya mkewe, nyembamba, ikikatwakatwa na pumzi.

"Uko wapi?"

"Chini ya gari."

"Bado?"

Mzee akaiangalia faneli.

"Bado."

Upande wa pili alimsikia akihema, akitafuta hewa ya kusemea.

"Haya," akasema. "Hata mimi bado."