Maumivu ya Julai

Mwaka wa hamsini na sita Zedekiah Ogutu alikuwa mkalimani wa Daktari Whitcombe, na aliipenda kazi hiyo kwa sababu ilimpa kiti. Wenzake aliotoka nao Nyanza walibeba mizigo stesheni. Yeye aliketi katika nyumba ya mawe kule Hurlingham, mtaa wa Wazungu, amevaa tai, akiuliza watu maswali na kuandika majibu.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye imani moja kubwa. Alishikilia kwamba ndani ya mtu hakuna kitu kinachoitwa uchungu. Kuna mkono unaovutwa, uso unaokunjika, sauti inayotoka, na hayo yanapimika. Yaliyobaki ni maneno tu. Basi alikuwa ametengeneza bati dogo la kupashwa moto kwa umeme, lenye namba moja hadi kumi, na kando yake kengele. Mtu aliweka kidole juu ya bati, na moto ukianza kumuuma alipaswa kubonyeza kengele. Hospitali moja mjini ilikuwa inasubiri matokeo, iamue kama vibarua wanaopasuliwa vidonda wadungwe sindano ya ganzi, au dawa hiyo watunziwe wanaoihitaji.

Msimu wa joto walipita watu thelathini na wanane: wapagazi, wapishi, watunza bustani. Karibu wote walifika namba kumi bila kuigusa kengele. Daktari alifurahi, na Zedekiah akafurahi naye, maana bosi mwenye furaha hatafuti makosa.

Wa thelathini na tisa alikuwa Annah Munyiva, mama wa Kikamba aliyefua nguo nyumba ya jirani. Namba zilipanda, na uso wake ukabaki kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Ilipofika kumi Zedekiah aliandika kwamba hasikii. Lakini kalamu ilikuwa imemdondoka, na alipoinama kuiokota aliona vidole vya miguu vya yule mama vimejikunja kama ngumi.

Alimfuata nje. Akamkuta bombani, mkono ndani ya maji.

"Mama, kumbe ilikuuma?"

"Tangu namba tatu."

"Mbona hukubonyeza kengele?"

Munyiva alimtazama kwa mshangao. "Wewe karani uliniambia nikishindwa nibonyeze. Mimi sikushindwa."

Ilikuwa kweli. Siku ya kwanza kabisa mpagazi mmoja hakuelewa kengele ni ya nini, naye Zedekiah kwa kutaka kumaliza haraka akamwambia, ukishindwa, bonyeza. Neno lilikuwa fupi, likazoeleka. Watu wazima thelathini na tisa aliwauliza mbele ya Mzungu kama wameshindwa, na karibu wote wakajibu kama watu wazima.

Munyiva alikifunga kidole kwa ncha ya leso, akamweleza kilichomleta. Kaka yake Kisilu alikuwa mchimba mawe, na kipande cha jiwe kilikuwa kimeingia mguuni kikakaa humo. Angepasuliwa Oktoba, kwenye hospitali ile ile. Munyiva alikuwa amesikia kwamba hapa ndipo panapoamuliwa kama kisu kinauma, akaona ni vizuri aje asaidie.

Usiku ule Zedekiah hakulala vizuri. Asubuhi alikiri kila kitu. Daktari hakukasirika. Alimweleza taratibu kwamba neno halibadilishi moto, na kwamba kengele isiyolia haijalia. Hata hivyo alikuwa mtu wa utaratibu, akakubali jaribio lirudiwe.

Likarudiwa Julai, wiki ya manyunyu na ukungu. Safari hii Zedekiah alimwambia kila mtu, ikianza kukuuma, bonyeza, hakuna atakayekucheka. Kengele ililia kutwa. Wengi walibonyeza kwenye tatu au nne. Munyiva alibonyeza kwenye tatu kamili, macho yake kwa mkalimani.

Daktari alizunguka na karatasi zake siku mbili. Zedekiah alimkumbusha habari ya lile neno.

"Unachosema ni jinsi walivyojisikia, Zedekiah," Daktari akajibu. "Hicho hakipimiki. Baridi inapimika."

Akaandika kwamba ngozi ya Mwafrika huwa nyepesi kusikia wakati wa baridi. Alipokuwa akiandika alisugua goti lake, lililomsumbua kila msimu wa manyunyu, na hakuna aliyemdai ushahidi wa goti. Hospitali ikapokea ripoti kwa shukrani na kutoa agizo: vibarua wapewe ganzi Juni hadi Agosti. Miezi mingine hakuna haja.

Zedekiah alimpelekea Munyiva habari hizo. Mama alisikiliza hadi mwisho, akakamua shati alilokuwa nalo mkononi.

"Basi Kisilu asingoje Oktoba," alisema. "Twende akaumie ndani ya tarehe."

Siku mbili kabla ya Septemba wakamfikisha hospitalini, Munyiva bega moja, Zedekiah bega lingine. Bahati mbaya jua lilikuwa linawaka. Dresa, msaidizi wa kutibu vidonda, alitazama dirishani, akatazama agizo ukutani, akasema kwamba leo hakuna baridi. Zedekiah alikaza tai yake. Alisema kwa Kiingereza chake kizuri kabisa kwamba yeye ndiye mkalimani wa mwenye ripoti, na kwamba sayansi imetaja mwezi, haikutaja jua. Alijua anatetea upuuzi. Dresa akasoma agizo tena, akaleta sindano.

Kisu kilipoingia, Zedekiah aliinama juu ya mgonjwa. Akamuuliza kama inamuuma. Haiumi. Akamuuliza kama anasikia chochote. Hasikii. Akamwomba Munyiva amuulize kwa Kikamba, kisha amuulize tena kwa maneno mengine.

"Dada," Kisilu alisema, "huyu karani ana shida gani? Mwambie mguu ni wangu."

Munyiva akamtafsiria. Zedekiah akavuta kiti, akakaa, ila macho hakuyatoa kwenye vidole vya ule mguu wa pili.