Isizime Njiani

Siku duka la kona lilipokataa kumuuzia dada yangu sigara, baba alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Dada alikuwa mlangoni, mikono mitupu, sweta la shule kalifunga kiunoni.

"Kasema hauzi," alisema. "Kasema hata nikitumwa."

"Umemwambia ni ya nani?"

"Anajua ni ya nani, baba."

Mtaa mzima ulijua. Baba alikuwa fundi wa suti, na zamani, kabla sisi hatujazaliwa, cheche ya kiberiti iliwahi kutoboa koti la bwana harusi. Tangu hapo akaapa kwamba kiberiti hakitaingia tena chumba cha kazi, hata mfukoni mwake. Kiapo alikishika barabara. Sigara sasa, hiyo hakuiacha. Akitaka kuvuta alitoka barazani, na moto wake ulitoka dukani, ambako kiberiti cha gesi kilining'inia dirishani kwa kamba. Dada alitumwa, akanunua moja, akaiwasha palepale, akaileta inafuka. Ungemuuliza baba mtoto kabeba nini, angekwambia kabeba moto, kama vile watu wanavyoombana kaa la jikoni.

Lakini sigara ina deko. Usipoivuta, inazima. Na ikizima, unarudishwa dukani huku unaambiwa una akili za kuku.

Basi baba akavua kidole cha chuma cha kushonea, akavaa viatu, akatushika mkono mmoja huku na mmoja kule, tukaenda. Mwenye duka tulimwita Mama Mizani, kwa sababu sukari aliipima mara mbili, na ya pili alikuita uangalie. Bango jipya lilibandikwa kwenye kioo, bado gundi haijakauka: tumbaku haiuzwi kwa aliye chini ya miaka kumi na minane, hata akiwa ametumwa na mkubwa.

"Mvutaji ni mimi," baba alisema. "Huyu ni miguu yangu tu."

"Najua, fundi. Ila wakaguzi wakimkuta hapa nayo wananifungia duka, na mimi nina watoto wanaokula humuhumu."

"Sasa sheria ndiyo inakuja kunifundisha kulea?"

 Mama Mizani alikuwa mwanamke wa maneno, utani wake ulitangulia salamu, lakini siku ile aliinama mpaka uso wake ukawa usawa wa dirisha, akasema kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie.

"Hebu niambie, fundi. Hapa huwa anaiwasha nani?"

"Si kuna kiberiti hicho."

"Kiberiti kipo. Hakivuti."

Nilimwona baba akikitazama kile kiberiti kwenye kamba yake. Halafu alimtazama dada. Mimi nilikuwa na miaka minane, sikuelewa kwa nini mtu mzima aliyekuja na hasira zake kamili anamtazama mtoto namna ile.

"Unavuta?" alimuuliza.

"Nilikuwa nakuletea isizime njiani," dada alisema.

Hakumpiga. Afadhali angempiga, dada aliniambia baadaye, angalau wangekuwa wamemalizana. Alituongoza nyumbani, akakaa kwenye cherehani bila kuikanyaga, na suti ya mteja ikalala pale mpaka mwenyewe akaja kuidai.

Baba aliacha sigara wiki ileile. Alikuwa mkali kama pilipili kwa miezi, akatafuna tangawizi, akagombana na uzi, akagombana na pasi, lakini aliacha. Alidhani akiacha yeye basi nyumba nzima imeacha. Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kifua chake kilishajifunza. Alianza kukaa bafuni kupita kiasi. Baba akagonga mlango, akaomba, akanyang'anya, akalia siku moja mbele yetu bila kuona haya. Wapi. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anawauzia wanafunzi nyuma ya ukuta, bango au hakuna bango.

Mama Mizani hakumuuzia hata mara moja, hadi dada alipotimiza miaka kumi na minane, akaenda na kitambulisho kipya. Nilikuwepo. Yule mama alikikagua pande zote mbili, taratibu, kama anayeomba akute kosa la tarehe. Kisha akatoa pakiti, akaisukuma kwa kidole.

Mimi ndiye niliyekuwa nifuate. Dada akiingia sekondari, kazi ya kutumwa ingekuwa yangu. Tayari nilikuwa naidai, nikiona ni cheo. Sheria ikapita katikati yetu, mimi upande huu, yeye upande ule. Watu wakiilalamikia sheria hiyo mbele yangu, huwa nawajibu vibaya. Kosa lake ninalolijua ni moja, ilichelewa. Inaniuma kwamba pumzi ninayopanda nayo ngazi bila kufikiri, dada yangu hana.

Mwaka huu tulimpeleka kwa daktari wa kifua. Vile vifaa vya kisasa vya kuvuta mvuke wenye harufu ya matunda, alivyoahidiwa kwamba vingemwachisha sigara, vilimwongezea tu kitu cha pili cha kubeba mkobani. Baba akasema naye anakuja, uzee wake wote, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Daktari alikuwa kijana mtaratibu.

"Mama, ulianza kuvuta ukiwa na umri gani?"

"Ukubwani," dada alijibu bila kusita. "Kiwandani. Marafiki tu hao."

Ndivyo alivyomwambia mumewe, ndivyo alivyowaambia wakwe, miaka yote hiyo, jina la baba lisiguswe.

Baba alisimama. "Mwanangu anakudanganya, daktari, na ananidanganyia mimi. Alikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa namtuma."

Dada alifumba macho. "Baba, jamani."

"Sawa, mzee," daktari alisema. Akaandika tisa, akamgeukia dada, akamuuliza kama kifua kinabana zaidi akilala chali.

Baba hakukaa. Alibaki amesimama pale, kofia mkononi, akingoja kukemewa.