Siku Mjomba Alipoaminiwa

Habari hii ni ya kweli kuanzia utosini mpaka ukuchani, wala haikuongezwa hata punje. Anayebisha akaziulize kuta za mahakama, ambazo hadi leo zina nyufa za kicheko.

Fundi wa tarumbeta, mwanamke wa mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alifika kwenye karakana yake asubuhi akakuta mlango umevunjwa na kufungwa utepe wa polisi. Ndani mlikuwa na zana zake zote na tarumbeta za bendi nzima alizokuwa akizinyoosha. Mwisho wa wiki zingevushwa mpaka kwenda nchi jirani kuchunguzwa, na vitu vya namna hiyo hurudi wakati mwenyewe ana vitukuu. Karakana ingekufa.

Chanzo kilikuwa mjomba wake, mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Chumvi. Polisi wa nchi jirani walikuwa wakisikiliza simu za dalali mmoja, wakitafuta dhahabu ya magendo. Dalali huyo alikuwa rafiki wa mjomba tangu ujana, na mjomba akajitapa kwake: "Kwa mpwa wangu shaba tumeiacha zamani. Siku hizi tarumbeta tunaziba matundu kwa dhahabu!" Polisi hao wakaomba upekuzi, polisi wa hapa wakala kiapo kwamba habari imetoka kwa "mtu wa ndani anayeaminika," na hati ya upekuzi ikatiwa sahihi.

"Anayeaminika!" fundi alimaka. "Wewe, mjomba? Ukimwambia mkeo mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza!"

"Mpwa wangu, nitukane taratibu."

"Basi nenda mahakamani useme ulidanganya."

"Mbele za watu? Afadhali nimeze tarumbeta."

Wakili, rafiki wa fundi tangu shule, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwache, asikiri chochote. Aulizwe tu."

Mahakamani, mwendesha mashtaka alisema ombi la nchi jirani liheshimiwe. Afisa wao mwenyewe alikuwa akitazama kwenye skrini ukutani.

"Tunaliheshimu, mheshimiwa," wakili akajibu. "Lakini mlango uliovunjwa uko hapa, na sababu za kuuvunja zilipaswa kupimwa hapa. Nani aliuliza huyu msemaji ni mtu wa namna gani? Naomba tumsikie."

Mjomba akapanda kizimbani, koti limepigwa pasi, kifua mbele.

"Mzee, uliyoyasema kwenye simu ni kweli?"

"Kweli tupu!"

Fundi akainuka nusu kitini. Huyu mzee anampeleka jela huku anatabasamu.

"Dhahabu mliitoa wapi?"

"Niliing'oa mwenyewe. Kwenye meno ya kiboko."

Mtu nyuma akakohoa kicheko.

"Kiboko gani?"

"Yule aliyekuwa akinipeleka kazini, kabla hatujakosana."

Mwendesha mashtaka akaruka kupinga. Hakimu, mama wa makamo aliyejitahidi kukunja uso, akamwashiria aketi. "Alizaliwa na meno ya dhahabu?"

"Hapana, mheshimiwa, aliwekewa. Mimi ndiye niliyemshikia daktari taa."

Hapo karani akaacha kuandika akafuta machozi. Kwenye skrini, afisa wa ng'ambo alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamtetemeka.

Hakimu akavua miwani. "Kama kuna mtu angezungumza na mzee huyu hata kidogo kabla ya kula kile kiapo, tusingekuwa hapa. Majigambo ya simu, bila kitu kingine cha kuyathibitisha, si sababu ya kuvunja mlango wa mtu, hata ombi litoke nchi yoyote. Hati imefutwa. Utepe utolewe leo, na mali yote ibaki kwa mwenyewe."

Fundi akapiga kigelegele, wakili akakipokea.

Nje uani, bendi nzima ilikuwa imemzunguka mjomba. "Nikamwambia hakimu, binti yangu, sheria hiyo umeisomea wapi? Akasimama, jamani, akaniamkia shikamoo!"

"Nilisimama saa ngapi, mzee?"

Hakimu alikuwa nyuma yake, mkoba begani. Mjomba akageuka, akajibanza nyuma ya mwanabendi mmoja.

"Amekamatwa na uongo!" fundi akashangilia. "Faini yake soda kwa watu wote!"

"Mimi nisihesabiwe," hakimu akasema akiondoka, "wasije wakasema nimehongwa. Ila msimwonee huruma."

Mjomba akatoa pochi, akaitazama kama anayeagana na ndugu, akalipa.