Filamu Ambayo Jaji Mmoja Aliielewa

1.

TUZO ZA FILAMU ZA NYANDA, IRINGA
Ofisi ya Mratibu
TANGAZO KWA WATAYARISHAJI NA MAJAJI WOTE

Kifungu cha 5. Jopo litakuwa na majaji watatu. Jaji haruhusiwi kutoka ukumbini kabla filamu haijaisha.

Kifungu cha 7. Maandishi yote ya majaji, yakiwemo yaliyoandikwa kwa mkono wakati wa kutazama, yatakabidhiwa Ofisi na kutumwa kwa mtayarishaji ndani ya siku kumi na nne baada ya matokeo.

Kifungu cha 8. Uamuzi wa jopo haujadiliwi.


2.

Maneno yaliyosikika mlangoni mwa ukumbi, Alhamisi alasiri, filamu ikiwa bado inaendelea ndani:

— Mashine imekwama? Mbona wanarudia palepale?
— Haijakwama. Ndivyo ilivyo.
— Ndivyo ilivyo, vipi?
— Mimi nimetoka kupokea simu tu, narudi.
(Hakurudi.)
— Ile ya mama mkwe inaanza saa ngapi?


3.

Waliingia watu sitini na mmoja. Laurian Kiswaga aliwahesabu akiwa safu ya nyuma, katikati ya majaji wenzake wawili. Taa zilipowaka walikuwa wamebaki tisa, na watatu kati ya hao walikuwa majaji.

Wewe msomaji ungehuzunika. Naye alihuzunika, kidogo. Lakini viti vya ukumbi ule ni vya kujikunja. Mtu akiinuka, kiti kinajikunja na kugonga egemeo lake. Tap. Na kila kilipogonga, kitu fulani kifuani mwa Laurian kilikuwa kinakaa vizuri zaidi.

Tap.

Tap.


4.

Laurian Kiswaga ni nani? Kama una televisheni, unamjua bila kumjua. Ndiye anayeandika ile tamthilia ya nyumba mbili zinazogombea mkwe mmoja, ambayo sasa iko msimu wa nane. Akienda sokoni, muuza nyanya anamwuliza kama yule dada mwenye roho mbaya atapona. Ana jina. Ana miaka arobaini na sita na tumbo lililoanza kumtangulia.

Miaka ishirini na moja iliyopita hakuwa na jina. Alikuwa na Tulinagwe Mwasaga. Walisoma pamoja, wakawa wanaandika filamu moja, watu wawili kwenye kompyuta moja, katika chumba nyuma ya duka la vitenge la shangazi yake Tulinagwe. Wapenzi hawakuwa, ingawa watu walisema. Walikuwa kitu kigumu zaidi kuliko hicho. Siku moja Laurian alisukuma kiti nyuma, akasema:

“Tuli, watu hawataelewa.”

Tulinagwe hakuinua macho.

“Haya,” alisema.

Basi. Hakumwomba abaki wala hakugomba. Alivuta kibodi upande wake, akaendelea kuandika kabla Laurian hajamaliza kukusanya vitabu vyake.


5.

Filamu ya Tulinagwe inaitwa *Mpaka Unahama*. Ilimchukua miaka tisa, na ina urefu wa saa tatu kasoro dakika kumi. Nitakueleza kinachotokea, nisije nikakupoteza na wewe.

Mjane mmoja wa Njombe ameachiwa kipande cha shamba, chembamba kama mkeka. Shemeji zake wanakuja kukipima. Jiwe la mpaka liko hapa. Wanaondoka. Kisha siku inaanza upya: jogoo yuleyule, gauni lilelile, shemeji walewale na kamba yao ya kupimia. Jiwe liko pale. Siku inaanza tena. Jiwe liko kule.

Hapo ndipo watu walipoanza kuinuka.

Halafu, kwa dakika kumi na moja, hakuna anayesema neno. Mjane anabeba kitu kizito ndani ya ukungu wa asubuhi. Anatua. Anapumzika. Anabeba tena.

Mwisho.


6.

Kutoka kwenye karatasi za Laurian Kiswaga, zilizoandikwa kwa kalamu gizani, mistari ikipandana:

*uk. 2* — Jiwe limesogea. Kosa la mwendelezo. Amekosea! (Afadhali.)

*uk. 4* — Mparachichi nyuma ya jiko. Mara ya kwanza una maua. Sasa una vitunda kama shanga. Subiri.

*uk. 5* — SI SIKU MOJA. Ni siku tatu, miezi imepita katikati. Filamu hairudii. Shemeji ndio wanaorudi, wakidhani watamkuta yuleyule.

*uk. 7* — Ni yeye anayelihamisha. Hatua mbili, hatua tatu. Anajirudishia shamba polepole na hakuna anayemwona. Na sisi hatukumwona. Tumekaa hapa tunalalamika kwamba hakuna kinachotokea, kama shemeji zake.

*uk. 9* — Ukimya. Nasikia pumzi yangu mwenyewe.

*uk. 9, chini* — Tuli

*uk. 10* — (Haina maandishi. Karatasi imelowa mahali pawili.)


7.

Alipotoka hakuwasubiri wenzake. Alikwenda kwenye gari, akapandisha vioo, akaanza kutafuta ndani ya filamu ile alichoibiwa na Tulinagwe.

Lazima kilikuwepo. Mtu hawezi kukaa na mwenzake miaka mitatu chumba kimoja asiondoke na kitu chake. Alianza na sura ya kwanza ya mswada wao wa zamani: kivuko, askari, barua isiyofika. Akaupitisha wote kichwani, akaulinganisha na filamu aliyoitazama sasa hivi. Mjane? Hapana. Ukungu? Hapana. Ile namna ya kurudia siku? Alikaa hapo muda mrefu. Hapana, hata hiyo hakuwahi kuiwaza.

Hakukuwa na kitu chake hata kimoja.

Mwizi, Laurian angemsamehe. Mwizi angekuwa amemhitaji.


8.

Jumamosi asubuhi, chumba cha majaji. Chai ya maziwa na maandazi. Mwenyekiti ni Bi. Shamsa Kaoneka, aliyetangaza redioni miaka thelathini mpaka sauti yake ikawa inasalimiwa kabla yake. Kushoto kwake Mzee Ndimbo, mwalimu mstaafu wa fasihi. Wa tatu ni Laurian.

“Mimi nitasema kweli ya Mungu,” alisema Bi. Shamsa. “Ile ndefu ya saa tatu sikuielewa. Lakini jana nikiwa napika nimejikuta namfikiria yule mama na mzigo wake. Mchuzi ukaungua.”

“Tatizo ni hili,” Mzee Ndimbo alisema. “Tukiipa tuzo tutachekwa leo. Tukiinyima huenda tukachekwa baada ya miaka ishirini. Na mimi baada ya miaka ishirini sitakuwepo.”

Wakacheka. Bi. Shamsa akageuka.

“Laurian mwanangu, kazi hii ndiyo yako. Kuna kitu tumekikosa? Ukiniambia kipo, usihangaike hata kunieleza sana. Kura yangu unayo.”

“Na yangu,” alisema Mzee Ndimbo.

Neno lilikuwa moja tu.

Mparachichi.

Angelisema, Mzee Ndimbo angevua miwani. Bi. Shamsa angepiga meza kwa kiganja, angesema subhanallah, irudisheni tuitazame. Laurian aliiona hiyo picha yote. Aliona pia iliyofuata: Tulinagwe jukwaani, taa usoni, na watu wakiulizana huyu alikuwa wapi siku zote, na mtu mmoja akijibu kwamba zamani aliwahi kuandika na Kiswaga, yule wa tamthilia.

*Aliwahi kuandika na.*

“Haieleweki,” alisema.

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

Bi. Shamsa akashusha pumzi, akachukua andazi. Unaijua ile raha ya kuambiwa na mjuzi kwamba kumbe hukuwa mjinga? Ilienea chumba kizima. Laurian peke yake ndiye hakuipata.


9.

MUHTASARI WA KIKAO CHA JOPO

Filamu Na. 14, *Mpaka Unahama*. Jopo linatambua juhudi za mtayarishaji. Hata hivyo masimulizi yanajirudia, mwendelezo una dosari (rejea jiwe), na urefu haukumzingatia mtazamaji wa kawaida.

Filamu Na. 3, *Mama Mkwe Kaja na Begi*. Filamu Bora ya Mwaka.

Kura: tatu kwa sifuri.

Sahihi: S. Kaoneka. A. Ndimbo. L. Kiswaga.


10.

Tusiionee ile ya mama mkwe. Ni filamu nzuri. Ukumbi ulijaa, watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Laurian alicheka pamoja nao, kicheko cha kweli. Haikumuuma popote. Yeye mwenyewe angeiandika kwa wiki mbili.

Ndiyo maana aliipenda.


11.

Wakati wa kutoa tuzo Tulinagwe alikaa safu ya nne, kilemba cha bluu, na washindi walipotajwa alipiga makofi kama mtu aliyekuja kwa ajili hiyo. Laurian alimtazama mikono tu. Alingoja ichoke. Haikuchoka.

Kesho yake ujumbe wake uliingia kwenye simu ya Laurian:

*Asante Kiswaga. Najua ulinipigania.*

Majibu aliyoyaandika na kuyafuta:

Usijali, kuna mwakani.

Wao walikuwa wawili, mimi mmoja.

Tuli, mimi nili

Tuli

Jibu alilolituma:

*Pole sana.*


12.

Sasa swali ambalo lazima unalo. Zile karatasi. Si angezichana?

Kifungu cha 7 alikijua vizuri. Yeye ndiye aliyekipendekeza, miaka mitatu nyuma, ili majaji wawe wakweli. Kila jaji alikabidhi jalada lake kwa ofisi, na Laurian alikabidhi la kwake likiwa na karatasi zote, mpaka ile iliyolowa. Mkewe alipomwuliza baadaye alisema alisahau. Mara nyingine alisema alikuwa na haraka. Mara moja tu, wakiwa wanakunja nguo, alisema:

“Labda nilitaka mtu ajue kwamba mimi niliielewa...”


13.

Kwa: Bi. T. Mwasaga
YAH: MAONI YA MAJAJI, FILAMU NA. 14

Tafadhali pokea muhtasari wa uamuzi pamoja na maandishi ya majaji kama ifuatavyo:
S. Kaoneka, ukurasa mmoja.
A. Ndimbo, nusu ukurasa.
L. Kiswaga, kurasa kumi na mbili.

Tunakutakia mafanikio.


14.

“Hodi.”

Jumanne, saa nne asubuhi, ofisini kwa Laurian. Sauti aliijua kabla mlango haujafunguka.

“Karibu.”

“Kamwene, Kiswaga,” alisalimia kwa salamu ya Iringa.

“Kamwene.” Laurian alisimama, akakaa, akasimama tena. Tulinagwe alivuta kiti mwenyewe. Alitoa bahasha, akazipanga zile karatasi mezani kwa mpangilio wa namba, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa.

“Mparachichi,” alisema. “Hakuna mwingine aliyeuona. Mpiga picha wangu mwenyewe ilibidi nimwambie.”

“Tuli...”

“Ngoja. Nilizisoma hizi kwanza, kabla ya muhtasari. Nikatoka nje nikakaa barazani, nikajiambia, basi, mtu mmoja amefika. Miaka tisa, lakini mtu mmoja amefika. Nikarudi ndani nikasoma muhtasari. Nikaona sahihi.”

Nje, mtu alikuwa anafagia. Ufagio ulikwenda ukarudi.

“Kwa nini?”

Laurian alikuwa na sababu nzuri tatu alizoziandaa tangu Jumapili: hali ya soko, hadhi ya tuzo, maslahi ya mtazamaji. Alifungua mdomo azitoe.

“Kijicho,” alisema.

Tulinagwe hakushtuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikia vibaya kwa sikio moja.

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile uliponiambia haya.”

“Haya gani?”

Hakumbuki. Laurian alimtazama usoni akaona kwamba hatanii. Neno alilolibeba miaka ishirini na moja, mwenye nalo alikuwa amelitupa palepale alipolitamka.

“Na wale waliotoka ukumbini?” Tulinagwe aliuliza. “Nao walinionea kijicho?”

“Hapana. Wao walichoka tu. Hawakuelewa.”

“Basi wale sina neno nao.”

Alitoa karatasi nyingine kwenye mkoba, iliyopigwa chapa.

“Kuna watu wa Nairobi wanataka kuisambaza. Sharti lao ni saa moja na nusu. Wanataka ule ukimya utoke, iwekwe sauti ya mtu anayeeleza habari ya jiwe. Mhariri wangu anasema nikate. Mume wangu anasema nikate, nipumzike. Wananipenda wote wawili, lakini hawakuielewa, sasa nitawasikilizaje? Aliyeielewa ni mmoja. Na huyo mmoja ndiye ninayejua kwamba anataka ife.”

“Usiniulize mimi, Tuli.”

“Nimekosa mwingine.” Alikunja mikono juu ya meza. “Wanataka jibu leo. Nitafanya utakavyosema. Nikate, nisikate?”


15.

Hapa ningependa kukuambia kwamba Laurian Kiswaga aliingia ndani ya moyo wake akakuta jibu moja, safi.

Alikuta mawili.

La kwanza lilisema: kata, Tuli, watu waione, hata nusu yake ni bora kuliko filamu zote za mwaka huu. Alilichunguza. Lilikuwa na sauti ya rafiki. Kisha akasikia chini yake, mbali, kiti kinajikunja. Tap.

La pili lilisema: usikate hata sekunde. Nalo lilikuwa na sauti ya rafiki. Lakini alijua pia kwamba filamu isiyokatwa itabaki kabatini, na hakuna atakayeiona tena isipokuwa yeye, na itakuwa yake peke yake.

Ufagio nje ulinyamaza. Tulinagwe alikuwa anamtazama kama alivyomtazama zamani, siku za kompyuta moja, alipokwama kwenye sentensi na kusubiri mwenzake aimalizie.

Aliyejua jibu la kweli alikuwa Laurian. Aliyemtakia mabaya alikuwa Laurian vilevile. Wote wawili walivuta pumzi kwa pamoja, na mdomo ulikuwa mmoja.

“Zile dakika kumi na moja,” alianza, na hakujua bado ni yupi kati ya hao wawili atakayeimalizia sentensi.